Mashine Iliyohema Jikoni Kwangu

Kompyuta yangu ilianza kuhema baada ya mama yangu kufariki. Nasema kuhema kwa sababu ndivyo nilivyosikia. Naiwasha, naiweka juu ya meza ya jikoni, sijagusa hata herufi moja, na feni yake inaanza kuvuma kama mtu aliyepanda ngazi ghorofa tano na mfuko wa viazi mgongoni. Chini inakuwa ya moto, huwezi kuipakata. Ukiandika neno unasubiri, halafu herufi zinakuja moja moja, kwa maringo. Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Niliitukana, niliipiga makofi, niliiwekea chini ule wavu wa kupozea keki. Haikunijia akilini hata siku moja kujiuliza hii mashine inafanya kazi gani hata inachoka hivi, na mimi sijaituma.

Niseme kwanza ilikuwa ya nini. Asubuhi nasafisha ofisi kwenye yale majengo marefu ya karibu na stesheni ya Gare du Nord, huku Ulaya, na saa nne nishamaliza. Mchana naandikia watu. Sina cheti cha kazi hiyo. Nilisoma kwa Kifaransa Bujumbura, Kiswahili ni cha mtaani kwetu Buyenzi, basi watu wa nyumbani, Warundi kwa Wakongo, walinizoea. Mmoja ana barua ya mwenye nyumba, mwingine ya shule, mwingine ya avoka, wakili wake. Mtu anakaa kwenye kiti cha dirishani, anasema kwa Kiswahili, mimi naandika kwa Kifaransa, halafu namsomea tena kwa Kiswahili mpaka aseme ndiyo, hayo ndiyo yangu. Kisha tunakunywa chai.

Na nilikuwa mwangalifu, msinione hivi. Kamera ya kompyuta niliibandika plasta ya kidonda. Simu yangu na ya mgeni nilizifungia ndani ya kopo la mchele. Dirisha nalifunga hata wakati wa joto, ingawa jirani yangu ni bibi wa Kizungu asiyejua Kiswahili hata cha salamu. Halafu mgeni akishaanza kusita, nilikuwa nagonga mfuniko wa kompyuta kwa vidole viwili na kumwambia, "Sema tu. Maneno yako hayatoki jikoni humu." Nilisema hivyo kwa kujidai kabisa. Nimewaambia watu wengi maneno hayo.

Barua zote niliziacha usoni pa skrini, zimepangwa kama vikombe kwenye kabati. Zile folda za ndani ya folda sizipendi, kitu kikiingia humo sikipati tena. Kila barua niliipa jina fupi nijue ni ya nani.

Sasa, mama yangu. Mama alifariki alfajiri, akazikwa alasiri ya siku hiyohiyo. Kwetu maiti hasubiri ndege ya kutoka Ulaya. Nilimzika kwa simu, nimesimama kwenye ngazi za jengo nililokuwa nalisafisha, ndoo miguuni. Mdogo wangu wa kike, ambaye ni mwalimu na ndiye aliyebaki naye Buyenzi, akafungua akaunti kwenye mtandao kwa jina la marehemu, ili sote tuweke picha humo na tuone. Tulikuwa kumi na mmoja, ndugu pamoja na wake na waume, tumetawanyika huku na huku. Neno la siri lilikuwa jina la utani alilokuwa akituitia utotoni, kila mtu alilijua. Hatukuona ajabu. Wakati wa matanga mlango wa kwetu haufungwi, anayetaka anaingia, na akaunti ile tuliichukulia hivyohivyo.

Jioni ile niliifungua kwenye kompyuta yangu. Mashine ikaniuliza kitu, nikabofya kukubali. Ikauliza tena, nikakubali. Ikaleta maandishi marefu ya Kifaransa, sikusoma, nikakubali. Mtu aliyefiwa hasomi masharti. Nilitaka tu kuona kandambili za mama mlangoni, mkeka wake, wanawake wa mtaani wakichambua mchele uani. Nikaviona, nikalia mpaka macho yakavimba, nikafunga kompyuta nikalala. Kesho yake ndipo feni ilipoanza.

Miezi mitano nilikaa na kelele hiyo. Ndipo akaja yule mama wa Uvira.

Alikuwa anatunza kizee mmoja wa Kizungu huko Auderghem, pembeni mwa mji, anakaa naye humohumo nyumbani kwake. Alinijia kwa sababu aliambiwa mimi ni mtu wa Buyenzi. Mwanamke mrefu, mkimya, wa kuangalia mlango kabla ya kukaa. Karatasi zake za ukimbizi alikuwa ameshazipata. Sasa alitaka kumleta binti yake wa miaka kumi na minne. Mumewe alifariki, na shemeji yake, mfanyabiashara mwenye malori yanayovuka mpaka kati ya Uvira na Bujumbura, akasema mtoto ni wa ukoo. Tena alikuwa ameshamwahidi mtoto huyo kwa mwenzake wa biashara, mtu mwenye wajukuu. Mama akakataa. Akatorosha mtoto usiku, akamvusha mpaka, akamficha Bujumbura kwa mshonaji mmoja, kisha yeye mwenyewe akaendelea mbele mpaka huku. Zaidi ya mwaka mmoja binti hajatoka nje ya geti. Shemeji alikuwa bado anamtafuta, na alikuwa hafichi.

Avoka alikuwa ameomba maelezo: mtoto yuko wapi, analelewa na nani, kwa nini hakuna sahihi ya upande wa baba. Tuliandika siku tatu tofauti. Siku ya tatu, Jumanne, tulifika kwenye lile la mtoto yuko wapi, na mashine ikawa inavuma kuliko siku zote. Yule mama akaikodolea macho.

"Maman, iyi mashini inasikiya?"

"Haisikii, dada. Inachoka tu."

"Inachoka na nini? Tumeandika mistari tatu."

Nikacheka. Nikamwonyesha plasta kwenye kamera, nikamwonyesha kopo la mchele lenye simu zetu. Hakucheka.

"Mimi kitu yenye kuvuma bila kazi naiogopa," akasema. "Ni lazima niseme mutoto iko wapi?"

"Lazima. Avoka ameomba."

Nikagonga mfuniko kwa vidole viwili, nikamwambia yale maneno yangu. Akainama, akaniambia mtaa kwa sauti ya chini kama tulikuwa kumi jikoni mle. Ni Buyenzi, kwetu kabisa. Nyuma ya kinu cha kusaga unga, nyumba ya mshonaji, geti la bluu. Nilipokuwa mtoto nilitumwa kwenye kinu hicho kila Jumamosi. Nikaandika. Skrini ikakaa kimya, halafu jina la mtaa likajitokeza herufi moja moja mbele ya macho yetu, yeye akilitazama mpaka likaisha. Kisha nikaandika jina la mtoto, na jina la mshonaji.

Alipoondoka nilibaki na uzito moyoni, sijui wa nini. Nikaona ni uchovu. Alhamisi asubuhi nikaibeba kompyuta mpaka kwa mzee mmoja wa Bukavu, sote tunamwita papa, anayetengeneza mashine karibu na stesheni ya Gare du Midi, kwenye kijiduka chembamba ambacho watu wawili wakikutana mmoja anarudi nyuma. Nikamwambia, "Papa, hii kitu itaungua. Iangalie." Akaizima, akaiweka juu ya rafu, akaniambia nirudi Jumamosi.

Jumamosi nilifika nikimtania kwamba nadhani amekuta panya ndani. Papa hakunitania. Alinivutia kiti.

"Maman, kaa kwanza. Bon. Mashini yako haiko mugonjwa. Iko na mupangaji."

"Mpangaji gani?"

Akanionyesha orodha ndefu ya programu zinazofanya kazi kimyakimya nyuma ya skrini, na mbele ya kila moja kiasi cha nguvu inachokula. Nyingine zilikuwa zinadonoa. Moja ilikuwa inakula peke yake zaidi ya zote zikichanganywa.

"Huyu. Anaamuka na mashini, analala na mashini. Kila kitu unaweka apa mbele, yeye anachukuwa, anapeleka."

"Anapeleka wapi?"

Papa akabofya. Ukurasa ukafunguka, na juu kabisa lilikuwa jina la mama yangu.

Chini ya jina zilikuwa picha zake: kandambili, mkeka, wanawake na mchele. Chini ya picha zilikuwa barua zangu, moja baada ya nyingine, ya mwenye nyumba, ya shule, za watu niliowagongea mfuniko. Na ya mwisho kabisa ilikuwa ile niliyoipa jina "Mama wa Uvira, mtoto". Kando yake palikuwa na maandishi madogo ya Kifaransa: imefunguliwa Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Na jina la aliyefungua. Lilikuwa jina la mama yangu.

Najua mtu mzima hapaswi kusema hivi, lakini kwa muda niliamini kabisa kwamba mama amefungua. Nikawaza amesoma, amekasirika, ananiita.

"Labda ni mimi," nikasema. "Labda niligusa mahali."

"Alhamisi mashini ilikuwa apa juu, maman. Nimeizima mwenyewe." Papa akashusha sauti. "Compte hii, hii akaunti, muko wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Donc, kwa mashini ninyi wote ni muntu moja. Wote muko uyu maman."

"Futa! Futa sasa hivi!"

Akafuta, akafuta na kule kwenye taka, akamfungia mpangaji mlango. Ilichukua dakika mbili. Miezi mitano ya kuhema, dakika mbili. Feni ikanyamaza, na ukimya ule ukaniogopesha kuliko kelele.

"Imetoka," papa akasema. "Lakini kama muntu amesoma, kwa kichwa yake mimi sifuti."

Nikatoka nje nikasimama chini ya daraja la reli. Nikakosea namba mara mbili, na namba yenyewe ni ya mdogo wangu ninayempigia kila siku. Moyoni nilikuwa namwomba Mungu aniambie amefungua kwa bahati mbaya, akaona ni Kifaransa cha maofisi, akafunga.

"Dada!" akapokea kwa furaha. "Nilitaka nikupigie. Ile barua ya yule mama wa Uvira, jamani, tumelia!"

"Mmelia nyinyi nani?"

"Sisi wa kisomo. Alhamisi si siku ya kisomo, tunamsomea Mama Kurani? Tulipomaliza Yasini wenzangu wakaomba simu waone picha zake, kama kawaida. Barua zako nyingine huwa sizifungui, lakini hii uliandika mama na mtoto, nikaifungua. Nikawatafsiria. Nilijua umeiweka tumwombee."

Kwetu ni hivyo, na mimi ningefanya hivyohivyo, ndiyo maana sikuweza hata kumtukana. Mtu akikuwekea shida yake mbele yako siku ya kisomo, huiachi ipite.

"Mlitaja jina?" nikamuuliza.

"Sasa dua bila jina inamwendea nani? Tumemtaja mtoto, tumemtaja na mama yake. Tena mmoja akasema, loo, huyo mshonaji wa nyuma ya kinu namjua, kumbe ana mtoto wa watu ndani! Jana tukachanga, tukawapelekea wali. Mtoto mzuri huyo, dada, ana haya..."

"Mlikuwa wangapi?"

"Kama ishirini hivi. Kuna nini?"

Wanawake ishirini, na kila mmoja ana nyumba ya kurudi na mtu wa kumsimulia. Na sokoni kwetu, kila Ijumaa, malori ya Uvira yanapakuliwa, na wapakuaji ni vijana wa Buyenzi. Nikamwambia mdogo wangu kuna nini. Nilisikia anavuta pumzi. Nikamkatia.

Sasa nitasema jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Nilifikiri kunyamaza. Nilikaa kwenye metro kuelekea Auderghem, kompyuta imezimwa mapajani, baridi kabisa, na vituo vyote vile nilikuwa natunga uongo. Nitamwambia kuna mtu kaniambia mtoto ahamishwe. Nitamwambia nimeota. Nitamwambia avoka ndiye aliyesema. Nilikuwa naogopa kwa ajili ya mtoto, wallahi nilikuwa naogopa, lakini nilikuwa naogopa pia yale macho yake yatakapojua. Hofu mbili zilikuwa zinasukumana ndani yangu, na ile ya aibu ilikuwa na nguvu. Nilishuka kituo cha mwisho bado sijui nitasema lipi.

Alinifungulia akiwa na aproni, mikono ina maganda ya karoti. Kizee alikuwa sebuleni anaangalia mbio za baiskeli kwenye televisheni. Yule mama aliniangalia usoni, akaangalia kompyuta, uongo wote ukaniishia.

"Dada, maneno yako yametoka," nikasema.

Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, sikuthubutu kukaa. Akaunti, matanga, mpangaji, kisomo, wali. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nangoja kabisa kofi, na ningelipokea. Yeye alinawa mikono, akaifuta polepole kila kidole, akachukua simu yake juu ya friji, akapiga, akaiweka mezani sauti wazi.

Mshonaji akapokea na cherehani ikisikika nyuma yake. Hajambo, mtoto hajambo. Tena wamepata bahati, wanawake wa mtaani wamewaletea wali na nyama, wamemshika mtoto kichwani wakamwombea. Mtoto amekula mpaka akasaza.

"Ni wanawake tu?" yule mama akauliza.

"Jana wanawake. Leo asubuhi amekuja baba mmoja, mtu wa heshima, kaleta maziwa ya mtoto. Hakukaa. Akasema na yeye anatoka kwenye kisomo."

Kisomo cha mama yangu ni cha wanawake. Mwanaume hajawahi kukanyaga. Nilifungua mdomo niseme, lakini yule mama alishasimama, hakuhitaji mimi nimwambie kitu.

"Zima cherehani," akasema. Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Usikilize. Usifungue geti. Mutoto muvalishe kitambaa yako na viatu vyako. Mupite nyuma, kwa choo, kwa jirani, mutoke kwa barabara ingine. Usibebe nguo. Usibebe kitu. Nenda kwa ule niliyokwambia zamani. Usitaje jina. Ukifika, unipigie."

"Sasa hivi? Nina nguo ya bi harusi hapa..."

"Sasa hivi, maman. Kimbia."

Simu ikakatika. Tukakaa.

Sijawahi kukaa kama nilivyokaa saa mbili zile. Jikoni mlikuwa na saa ya ukutani, na simu katikati ya meza, na karoti zilizomenywa nusu. Kila gari lililopita barabarani lilinishtua, gari la Auderghem, mtu anatoka sokoni na watoto wake. Nilimwona yule binti kichwani mwangu, ambaye sijawahi kuona hata picha yake, ana viatu vikubwa vya mtu mzima, anavuka ua nilioujua mimi mwenyewe, anapita kwenye ule mfereji nilioanguka nikiwa na miaka saba. Nilimwona yule mtu wa maziwa amesimama kwenye kona ya kinu. Nilijaribu kusoma dua nikaiacha, nilihisi nikimtaja tena nitakuwa nimemwonyesha. Yule mama alikuwa hasogei. Mara moja tu alinyanyuka kumpelekea kizee kahawa yake na biskuti, akamfunika miguu, akarudi akakaa palepale.

Niliomba msamaha mara moja. Akasema, "Nyamaza, maman, nisikiye simu."

Ilipolia aliinyakua akatoka nayo bustanini, akafunga mlango wa kioo nyuma yake. Nilimwona mgongo tu. Aliinama taratibu mpaka akachuchumaa kwenye nyasi, mkono mmoja chini, nikajua basi, yamekwisha, wamemchukua. Aliporudi uso wake ulikuwa umelowa, lakini alikuwa anapumua.

"Wako wazima," akasema.

"Alhamdulillah! Wako wapi?"

Neno lilinitoka lenyewe, naapa, ni mazoea ya miaka ya kuuliza watu na kuandika. Aliniangalia. Hakusema kwa hasira, ndiyo maana linaniuma mpaka leo.

"Wako," akarudia, akafungua mlango wa kutokea, akanishikia.

Usiku huo hakuna aliyekuja nyumbani kwa mshonaji. Kesho yake alfajiri walikuja, wanaume watatu, wakavunja geti la bluu. Walikuta cherehani na nguo ya bi harusi. Mdogo wangu ndiye aliyenipigia akilia, mtaa mzima ulikuwa umesimama nje. Tangu siku hiyo hatujasoma kisomo kwa picha tena. Akaunti ya mama ameifunga. Picha nilizobaki nazo ni mbili tu, zile nilizozichapisha, na moja haionyeshi uso.

Kompyuta sasa iko kimya. Papa wa Bukavu aliisafisha yote, na inaandika haraka kama mpya. Siiamini. Kila nikiifungua nasikiliza kwanza, kichwa nimekiinamisha, na nisiposikia kitu ndiyo naogopa zaidi. Watu wote niliowaandikia niliwapigia, mmoja mmoja, nikawaambia barua zao zilikuwa wapi miezi mitano ile. Wengine walicheka, wakasema ya mwenye nyumba hiyo, nani anaitaka. Wengine hawakunipigia tena.

Yule mama alikuja siku ya tisa, bila kunijulisha. Niliposikia kengele nilidhani ni posta. Alikaa kwenye kiti cha dirishani kabla sijamkaribisha.

"Sijakusamehe," akasema. "Avoka anataka barua kesho kutwa. Mambo yangu yote iko kwa kichwa yako. Siwezi kuisema mara ya pili kwa muntu mwingine, sina nguvu. Donc andika."

Nikaiendea kompyuta kwa mazoea. Akatikisa kichwa. Nikaiacha, nikatafuta karatasi za mistari na kalamu, nikaanza kwa mkono. Simu yake hakunipa niiweke kwenye kopo, alikuwa ameiacha Auderghem. Nikaandika kuhusu mume, shemeji, malori, mpaka. Vidole vyangu vilikuwa vimesahau kalamu, mwandiko ulikuwa wa kitoto. Yeye alisogeza kiti karibu yangu akawa anafuata mkono wangu, ingawa Kifaransa cha kusoma hana.

Tukafika pale. Sikuuliza. Nilikuwa nimejiapiza sitauliza, nikasimamisha kalamu nikaangalia chini.

"Apo acha," akasema. "Nitaenda kwa avoka mwenyewe, nitamwambia kwa sikio."

Nikaacha nafasi ya mstari mmoja. Akaangalia, akaona ni ndogo.

"Ongeza," akasema.

Nikaacha mistari mitatu mitupu, na yeye akaweka kiganja chake juu ya nafasi ile, akakiacha hapo mpaka nilipomaliza kuandika yaliyobaki.